Sizoni ya Marco Polo: mfanyabiashara gani huyu hatumwoni akiuza kitu?

Mama Mzigo, Kirumba

Wakuu, habari zenu. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mzigo wangu unashuka Tunduma, na mteja akiwa wa uhakika unavuka mpaka Kasumbalesa kwa Wakongo. Mnaoijua kazi hii mnajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu na sisi tunalala nayo. Ndipo kijana wangu wa mwisho akaniwekea kwenye flashi sizoni ya Marco Polo, ile ya Netflix iliyotoka 2014. "Mama, hii ni yako kabisa. Mfanyabiashara anatoka Italia anakwenda mpaka China." Nikasema haya, leo na sisi wachuuzi tumekumbukwa.

Nimeimaliza yote, sehemu ya kwanza na ya pili. Kiingereza changu ni cha Tunduma, kwa hiyo kijana alikuwa ananitafsiria pembeni, na sehemu nyingine nilimwambia anyamaze maana sura za watu zilitosha.

Nianze na haki ya mtu. Yule aliyecheza Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia aliyeishika China, Benedict Wong, ameua. Tumbo lile, sauti ile, anavyokaa kwenye kiti kama tajiri wa mitumbwi anayesubiri hesabu ya usiku na tayari anajua kuna mtu kamwibia. Mke wake pia, Chabi, mama mwenye akili kuliko ikulu nzima. Hao wawili ningewaangalia hata wakichambua mchele.

Sasa Marco mwenyewe! Baba yake na baba yake mdogo wanamwacha kwa Khan kama rehani ili wao waruhusiwe kufanya biashara kwenye njia ya hariri. Nikajiweka sawa, nikasema sasa biashara inaanza. Haikuanza. Kijana anafundishwa kupigana na yule kipofu anayeitwa Hundred Eyes, anampenda binti asiyemhusu, anatumwa upelelezi, anaingia vitani. Sijaona gunia likifunguliwa. Sijaona mizani. Sijaona watu wawili wanabishana bei mpaka mmoja anajifanya anaondoka. Jangwa zima wanalivuka na hakuna aliyeuliza kukodi ngamia ni kiasi gani, nani anamlisha, na akifa njiani hasara ni ya nani.

Jamani, safari ya mzigo ni sinema tosha. Mimi nikipakia hapa kuna kuli, kuna ushuru, kuna kibali, kuna dereva anapiga simu yuko Igunga tairi limepasuka, kuna mvua ya Makambako na turubai lenye tundu ambalo alikuficha wakati wa kupakia. Dagaa wakilowa wanabadilika rangi, harufu inabadilika, na yule Mkongo akitia mkono kwenye gunia akaunusa, hata hasemi kitu, anaufuta tu kwenye suruali. Hapo bei imeshakufa. Nani kasema hiyo haifai kuigizwa?

Mara moja tu mzigo ulionekana. Baba na baba mdogo wanakamatwa kwa kutorosha viwavi wa hariri. Nikaongeza sauti. Kumbe ni kisa tu cha kumtesa Marco moyoni, maana anatupiwa yeye aamue adhabu ya baba yake. Wale viwavi wangeuzwa wapi, kwa nani, kwa faida gani, hakuna aliyejishughulisha.

Kwa hiyo nauliza wanaojua historia yenyewe. Huyu mtu aliuza nini? Mtaji aliubeba vipi njia yote ile bila kuporwa? Akifika kwa Wachina alilipwa kwa hela gani, na akirudi nayo kwao nani anaipokea? Na kijana wangu anasema alifika Zanzibar, ni kweli?

Nina sababu ya kuuliza. Mabondo ya sangara wetu, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanakwenda hukohuko China. Nimekaa na wanunuzi wake, wananyanyua bondo moja moja kwenye mwanga wakitafuta tone la damu, na lile tone moja linashusha bei mbele ya macho yako. Watu wa namna ile hawakuanza jana.

Flashi Buzuruga

Mama Mzigo, shikamoo. Mimi ndiye naingizia watu muvi, labda hata hiyo ya kijana wako imetoka kwangu.

Sizoni hiyo iliundwa na John Fusco. Ina vipande kumi sehemu ya kwanza na kumi sehemu ya pili, ya pili ilitoka Julai 2016, na Desemba mwaka huohuo Netflix wakatangaza hawaendelei nayo. Ndiyo maana mwisho umekuacha hewani, siyo flashi iliyokata, msije mkanirudishia. Walipiga Italia, Kazakhstan na Malaysia, na magazeti ya Marekani yaliandika kwamba sehemu ya kwanza peke yake ilikula kama dola milioni 90. Sasa mtu ametumia hela yote hiyo halafu aweke wazee wanapima pilipili? Mteja akija hapa dirishani anauliza kitu kimoja tu: "Ina ngumi?" Nikisema ina mizani, anahamia duka la pili.

Ila ipo nyingine ya zamani, ya 1982. Marco ni Ken Marshall, muziki ni wa Ennio Morricone, na hao walipewa ruhusa wakapiga mpaka China kwenyewe. Inakwenda polepole sana. Wazee wanaipenda.

Mwalimu wa Nansio

Mama Mzigo, salaam kutoka Ukerewe. Nimefundisha historia mpaka nimestaafu na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza nani analisha ngamia. Nitajibu kwa mtiririko wangu, nikiacha kitu utaniuliza.

Mtaji kwanza. Ukisafiri mbali hubebi gunia, unabeba kitu kidogo chenye thamani kubwa. Hawa Polo walikuwa watu wa vito. Baba yake Niccolò na baba mdogo Maffeo walishakwenda huko safari ya kwanza kabla Marco hajashika hata ufunguo wa duka. Walitoka Constantinople na vito wakampelekea Berke, mtawala wa Wamongolia kwenye mto Volga, naye akawalipa bidhaa zenye thamani mara mbili. Vita vikafunga njia ya kurudi, wakasukumwa mashariki, wakakaa Bukhara, mwisho wakafika kwa Kublai. Safari ya pili, mwaka 1271, ndiyo wakamchukua Marco, kijana wa miaka 17. Walifika ikulu ya Khan ya kiangazi, Shangdu, kama mwaka 1275. Hakuachwa rehani. Walikaa wote watatu kule miaka kama 17 na wakaondoka pamoja.

Kuhusu mtaji wa watu wengine: Venice walikuwa na mkataba wao wa safari. Mwenye fedha anabaki nyumbani na kutoa mtaji wote, msafiri anatoa miguu yake na roho yake. Wakirudi salama, faida inagawanywa, robo tatu kwa mwenye fedha na robo kwa msafiri. Chombo kikizama, aliyebaki nyumbani kapoteza mtaji na msafiri hadaiwi. Pima mwenyewe kama mali kauli ya Mwaloni ina huruma kiasi hicho.

Viwavi wa hariri hapo ndipo waandishi wa sizoni walipotea kabisa. Mayai ya viwavi hao yalishafikishwa Constantinople tangu karne ya 6, enzi za mfalme Justinian. Wakati Marco anazaliwa, mji wa Lucca huko Italia ulikuwa tayari unasuka hariri ya kuuza. Mfanyabiashara gani ahatarishe shingo kwa kutorosha kitu ambacho jirani yake anafuga?

Sasa hela, na hapa utafurahi. Kublai alikuwa anatumia noti za karatasi. Marco anaeleza zilivyotengenezwa kwa gome la ndani la mforsadi, zikakatwa ukubwa tofauti kwa thamani tofauti, zikapigwa muhuri mwekundu wa Khan. Anayeghushi, kifo. Noti ikichakaa unaipeleka unapewa mpya, ila wanakukata asilimia 3. Na mfanyabiashara akiingia kutoka nchi za nje na dhahabu, fedha, lulu au vito, hauzi kwa amtakaye. Kuna watathmini kumi na wawili wa serikali, wanakagua mzigo, wanataja bei, unalipwa karatasi. Anasema bei ilikuwa nzuri na malipo ya papo hapo, kwa hiyo watu walikubali. Lakini karatasi ile nje ya himaya ilikuwa karatasi tu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka unaigeuza kuwa hariri, miski, vito, kitu cha kubebeka. Nusu ya akili ya biashara ilikuwa kwenye kugeuza huko.

Kusini-magharibi, Yunnan, alikuta watu wanatumia kauri, simbi hizihizi za bahari yetu ya Hindi. Kauri 80 kwa uzito mmoja mdogo wa fedha.

Zanzibar hakufika. Ameiandika, anaiita Zanghibar, lakini kwa kusikia kwa mabaharia, na inaonekana mabaharia walikuwa na usiku mrefu. Anasema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000 na watu wake ni majitu, mmoja anabeba mzigo wa watu wanne na kula chakula cha watano. Kisiwa cha namna hiyo hakipo, huenda kachanganya pwani nzima. Pembe za ndovu kasema kweli, na twiga kamweleza vizuri: mbele juu, nyuma chini. Mtu aliyefika pwani yetu kwa miguu yake ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Alipita Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akafika Kilwa na kuusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa.

Binti Igombe

Mwalimu shikamoo. Mbona nimewahi kusoma kwamba Marco Polo hata China kwenyewe hakufika? Eti hataji ukuta mkubwa wala chai wala vijiti vya kulia. Sasa mama anamtetea mtu ambaye labda alikaa tu kijiweni akasikiliza za wenzake.

Halafu mama, mimi Hundred Eyes nampenda. Msimguse.

Mwalimu wa Nansio

Marahaba binti. Hoja hiyo ilivuma sana mwaka 1995 kupitia mwanazuoni Mwingereza, Frances Wood. Ni hoja ya maana lakini haikusimama. Ukuta wa mawe tunaouona kwenye picha kwa sehemu kubwa ulijengwa na utawala wa Ming, baada ya Wamongolia kuondolewa. Na alikuwa anaishi na wakubwa wa Kimongolia, hakuwa mgeni wa Wachina wa kawaida.

Aliyenishawishi mimi ni Mjerumani Hans Ulrich Vogel wa Tübingen. Yeye aliachana na kuta na vijiti akaenda kwenye hesabu: noti, kauri, na mapato ya chumvi. Akalinganisha maneno ya Marco na kumbukumbu za Kichina zenyewe, ukubwa wa noti, umbo lake, mihuri, ni mkoa gani unatumia nini. Yakakaa. Hakuna Mzungu, Mwarabu wala Mwajemi mwingine wa zama zile aliyeandika mambo hayo kwa usahihi huo. Mtu wa kijiweni anasikia habari za majitu na ndege wakubwa, hasikii chumvi inalipiwa kodi kiasi gani.

Na pilipili ya sizoni ambayo kijana wa Buzuruga anaikataa, Marco anasema ofisa wa forodha alimwambia kwamba mji wa Hangzhou ulikuwa unatumia mizigo 43 ya pilipili manga kwa siku, kila mzigo ratili 223. Piga hesabu, ni zaidi ya tani nne kila siku. Mtu anayekumbuka takwimu ya hivyo baada ya miaka yote ile, tena akiwa gerezani Genoa anamsimulia mfungwa mwenzake Rustichello aandike, huyo ni mfanyabiashara hata ukimvika upanga.

Alipotia chumvi ni vitani. Kitabu kinadai wao Polo ndio waliowatengenezea Wamongolia mitambo ya kurusha mawe iliyoangusha Xiangyang, na sizoni imempa Marco sifa hiyohiyo. Mji ule ulianguka 1273. Wao walifika 1275. Mitambo ilitengenezwa na mafundi Waislamu walioletwa kutoka Uajemi, Ismail na Ala al-Din.

Mama Mzigo, Kirumba

Mwalimu shikamoo, na Mungu akuweke. Nimesoma huku nahesabu magunia, kuli ananiuliza nacheka nini.

Hao watathmini kumi na wawili nimewaelewa kuliko kitu chochote kwenye vipande vile ishirini. Mtu umetembea mwaka mzima na vito, unafika mlangoni, mnunuzi ni mmoja, bei anataja yeye, na karatasi anachapa yeye! Hebu niwekeeni hapo kijana wa Kiveneti kasimama, wazee kumi na wawili wamelizunguka meza, mmoja ameshika jiwe kwenye mwanga, hasemi. Mimi ningekojoa. Yaani hiyo picha ilikuwepo, bure, na mtu akaenda kutumia dola milioni 90 kwenye panga.

Flashi mwanangu, unasema wateja wanataka ngumi. Hapa Mwaloni njoo saa moja asubuhi, simama tu karibu na magari ya kupakia. Kuna mama mmoja amemshika dalali shati kwa sababu ya ndoo ya kupimia iliyobonyezwa chini. Utapata ngumi na mizani kwa pamoja.

Mwalimu, nimebakiza swali moja. Umesema alifanya kazi miaka kumi na saba na akarudi. Je, alirudi na kitu? Maana mimi hasara zangu kubwa hazikutokea ugenini. Congo wamenilipa. Nimewahi kuumizwa na mtu wa hapahapa, nimempa mzigo wangu auze, akauza, akazima simu, halafu nikakutana naye harusini amevaa suti. Huyu bwana hayakumpata?

Mwalimu wa Nansio

Yalimpata, mama, na karatasi zake zipo mpaka leo.

Kwanza njiani. Waliondoka China kwa bahari wakimsindikiza binti wa kifalme Kököchin kwenda kuolewa na Arghun, mtawala wa Uajemi. Walipofika Arghun alishafariki, binti akaolewa na mwanawe Ghazan. Huyo ndiye Kokachin wa sizoni, na hakuna ushahidi wowote wa mapenzi na Marco. Wamepita bahari, wamepita maharamia, wamepita Uajemi, wamekaribia nyumbani kabisa. Trebizond, kwenye bahari nyeusi, wenyeji wakawachukulia sarafu za dhahabu za Kigiriki kama 4,000. Tunajua kwa sababu Maffeo aliutaja upotevu huo kwenye wosia wake wa mwaka 1310. Miaka kumi na mitano baada ya kufika Venice bado mzee anaikumbuka.

Halafu hiyo yako ya suti. Mwaka 1311 Marco Polo, mzee wa miaka hamsini na kitu, ana mke na mabinti, alimpeleka mahakamani dalali aitwaye Paolo Girardo. Alikuwa amempa ratili moja na nusu ya miski akauze kwa kamisheni. Girardo akauza nusu ratili, hela hakuleta. Ratili moja iliyobaki akairudisha, na Marco akaipima. Imepungua. Siyo sana, sehemu ya sita ya aunsi. Akadai nusu ratili iliyouzwa na akadai pia kile kipunje kilichopungua.

Mama Mzigo, Kirumba

AKAIPIMA!

Sehemu ya sita ya aunsi! Mwalimu, huyo ndiye mtu wangu. Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta vipande ishirini. Ametoka kwa Kublai Khan, amekula meza moja na wafalme, na bado anairudisha miski kwenye mizani mbele ya mtu. Na mahakama ilisemaje?

Mwalimu wa Nansio

Alishinda. Girardo alipe, na gharama za kesi juu yake. Asipolipa kwa muda uliowekwa, gereza la mji.

Mama Mzigo, Kirumba

Wangeanza na hiyo. Kipande cha kwanza, mahakamani, mizani iko mezani. Halafu ndiyo waturudishe China taratibu tujue mzee huyu mkali hivi alitokea wapi.

Flashi, ile ya 1982 ina mizani?

Flashi Buzuruga

Mama sikumbuki, niliiangalia nusu nikasinzia. Ila ni ndefu na haijatafsiriwa. Njoo na flashi kubwa, na usije na ile ya nyimbo za kwaya maana mara ya mwisho nilikuta imejaa na sikuthubutu kufuta.